Nimepita karibu kila aina ya mkataba wa kulipa vituo vya afya, haya ndo maoni yangu

Watu wanaandika maoni kuhusu simu na majiko, mimi leo naandika kuhusu kitu nilichokitumia miaka mingi kuliko simu yoyote niliyowahi kushika, yaani hii mipango ya fedha na mikataba ambayo kila baada ya muda inaletwa kwenye vituo vya afya vya umma kwa jina la maboresho. Mimi sio daktari. Ni mtu wa mahesabu, kazi yangu ni kalamu, mhuri na kompyuta ambayo mfumo wake unagoma kila mwisho wa mwezi, ila kila aina ya malipo iliyokuja ilipita mezani kwangu kabla haijamfikia mgonjwa, kwa hiyo naona nina haki ya kugawa nyota.

Mtu asiogope majina makubwa. Ukiyavua yote swali linabaki moja tu, hela inatokaje serikalini au bima mpaka ifike kituoni, na kituo kinaahidi nini ili itoke. Majibu yako matano sita hivi dunia nzima, mengine ni kubadilisha jalada.

Nianze na la kale kabisa, bajeti ya mafungu. Hapa hela inakuja ikiwa imeshapangiwa kazi huko juu: fungu la dawa, fungu la mafuta ya jenereta, fungu la ukarabati, fungu la safari, kila fungu na namba yake na ole wako uchanganye. Uzuri wake huna madai ya kupeleka popote, unafunga vitabu unaenda nyumbani. Ubaya wake niliujua mwaka ambao glavu ziliisha huku fungu la ukarabati limejaa, hela ya rangi imekaa tu inaniangalia, nikaandika barua tatu kuomba niihamishe na jibu likaja mwaka wa fedha umeshafungwa, salio limerudi hazina. Sista wa wodi ya wazazi alinifuata ofisini akaniuliza, "Kwa hiyo mhasibu, huyu mama akijifungua tumpake rangi?" Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu hela ilikuwa inafika tarehe inayoeleweka. Hilo la tarehe lishike, nitalirudia.

Halafu ikaja bima na malipo kwa kila huduma. Siku ya semina tulipiga makofi, maana tuliambiwa ukimtibu mtu unalipwa, ukitibu wengi unalipwa zaidi, sasa nani asitake? Kumbe kulipwa ni safari. Kila mgonjwa ana fomu yake, ina namba ya kadi, msimbo wa ugonjwa, vipimo, dawa moja moja na idadi yake, saini ya mgonjwa, saini ya aliyemtibu na mhuri. Mwisho wa mwezi mimi na karani tunafunga maboksi tunapeleka kwa mlipaji, ambaye simtaji, halafu tunakaa kusubiri. Kuna fomu moja ilirudi imekataliwa kwa sababu kisanduku cha jinsia hakikutiwa alama. Fomu ya mtu aliyejifungua! Nikatia alama nikairudisha, ikaja imekataliwa tena, safari hii eti muda wa kupeleka madai ya mwezi ule umeshapita.

Hapo ndo nilienda kabatini nikautafuta mkataba nikausoma kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. Kusema ukweli wakati unasainiwa nilisoma kurasa za mbele tu, zile za dira na tafsiri ya maneno na pande mbili kushirikiana kwa nia njema, nikasinzia, nikamwambia mganga mfawidhi uko sawa, akasaini. Huko nyuma kabisa, karibu na viambatisho, kuna kipengele kinasema kituo kikichelewesha madai zaidi ya siku 60 basi hayo madai yamekufa, na kipengele kinachofuata chini yake kinasema mlipaji "atajitahidi kulipa ndani ya muda muafaka". Yaani mmoja kapewa siku 60, mwenzake kapewa juhudi. Mwaka ule tulikaa miezi saba hatujalipwa, mzabuni wetu wa dawa akaacha kupokea simu zangu, na mimi nikaja kuelewa kwamba kumbe kituo chetu kidogo ndo benki, tunaikopesha bima bila riba na bila kuulizwa.

Tusijifanye malaika lakini, na sisi vituo tulikuwa na mchezo wetu. Mtu anakuja na mafua anaondoka amepimwa mkojo, choo na malaria, kwa sababu kila kipimo ni mstari kwenye fomu na kila mstari ni hela. Hili halina nchi. Marekani bima yao ya wazee, Medicare, ilikuwa inarudishia hospitali kile walichotumia, mpaka 1983 wakaona hapana, wakahamia kulipa bei moja kwa kundi la ugonjwa, ukimlaza mgonjwa siku 4 au siku 10 bei ni ileile. Siku za kulala wodini zikapungua kweli, ila yakaanza malalamiko kwamba wazee wanarudishwa nyumbani hawajapona sawasawa. Ghana nao, na bima yao ya taifa ya sheria ya 2003, ilipofika 2008 wakaacha kulipia huduma moja moja wakaenda kwenye makundi ya magonjwa, lakini dawa wakaziacha zilipwe moja moja kama zamani, na mtu yeyote aliyewahi kukaa upande wangu wa meza anajua mchezo ukifungiwa mlango mmoja unahamia kwenye ule uliobaki wazi. Nyota mbili. Ningetoa tatu kama ningelipwa.

Kapitesheni sasa, kulipwa kwa vichwa. Unapewa orodha ya watu waliojiandikisha kwako, unalipwa kiasi fulani kwa kila kichwa kwa mwaka, waumwe wasiumwe, na wewe uhangaike nao. Ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ilipoanza 1948 madaktari wa familia walikataa kuwa waajiriwa wa serikali, wakabaki wakandarasi wanaolipwa kwa orodha, na mpaka leo orodha bado ndo msingi wa sehemu kubwa ya hela yao. Thailand walipoamua kila raia atibiwe, kati ya 2001 na 2002, waliweka kapitesheni kwa wagonjwa wa nje, na wa kulazwa wakawawekea yale makundi ya magonjwa chini ya bajeti yenye dari, na la maana zaidi kwangu, mnunuzi wa huduma, yaani yule anayevilipa vituo, akawekwa kwenye ofisi yake mwenyewe kwa sheria, tofauti na wizara inayomiliki hospitali. Mgonjwa alikuwa anachangia baht 30 tu kwa ziara, ndo maana watu wakauita kwa jina hilo.

Kwa mtu wa mahesabu kapitesheni ni kama kuota, hela inafika kabla mgonjwa hajafika. Mwezi wa kwanza nilikagua akaunti mara mbili nikidhani wamekosea. Tatizo likaja kwenye orodha, ilikuwa na marehemu, ina waliohama, ina mapacha walioandikwa kama mtu mmoja, halafu kila siku kuna mtu analia dirishani kwamba amekuja kwetu kwa sababu ndo karibu na anapofanya kazi ila kwenye kompyuta ameandikwa kituo kingine asichokijua hata kilipo. Tatizo la pili ni la aibu kidogo. Dokta wetu, mtu mzuri tu, akawa na mkono mwepesi wa kuandika rufaa, maana ukimtibu mgonjwa dawa zinatoka kwenye hela yako na ukimpa rufaa gharama inaenda kwa mwenzako. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, mkataba ndo ulimwambia.

Ghana walijaribu kapitesheni mkoa wa Ashanti kuanzia 2012, watu wa huko wakaona kwa nini sisi tu ndo tufanyiwe majaribio, siasa ikaingia humo humo na ikasimamishwa 2017. Kwangu somo pale halikuwa kwenye hesabu hata kidogo, mkataba wa afya una upande wa tatu ambaye hasaini, naye ni yule anayepanga foleni, na akihisi ameonewa karatasi zako zote ni za kufungia karanga. Nyota tatu na nusu.

Haya, malipo kwa matokeo, hii nimeiishi sana kwa hiyo mnivumilie. Hapa unalipwa kwa kile ulichofikisha, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, watoto wangapi wamemaliza chanjo, halafu wanakuja wahakiki kuangalia kama ni kweli au umeandika tu. Mfano unaotajwa kila semina ni Rwanda. Waliueneza nchi nzima kuanzia 2006 na wakafanya jambo la akili sana, vituo ambavyo havijaingia kwenye mpango navyo vikapewa hela ya kiasi kilekile ila bila masharti, ili baadaye asije mtu kusema wale walifanya vizuri kwa sababu walipewa hela zaidi. Utafiti ule wa vituo 166 ulitoka 2011: kujifungulia kituoni kulipanda kwa asilimia 23 kwenye vituo vya malipo kwa matokeo, lakini akina mama kukamilisha mahudhurio manne ya kliniki ya ujauzito hakukubadilika. Ukikaa ukawaza inaleta maana, kumpata mama siku ya uchungu ni jambo muuguzi anaweza kulipigania mwenyewe, na kila mama mmoja ni malipo mazuri, ila mahudhurio manne yanataka mama awe ameanza kuja mapema na hilo haliko mikononi mwa mtu wa kituoni peke yake.

Kwetu uhakiki ulikuwa sinema. Wahakiki wanachagua majina kwenye daftari halafu wanapiga simu kuuliza kama huduma ilitolewa kweli. Kuna mama mmoja namba iliyoandikwa ilikuwa ya mumewe, wakampigia, mume akajibu kwa ukali kwamba mke wake hajawahi kulazwa hospitali yoyote, kumbe yeye siku ile alikuwa safarini na alirudi akamkuta mtoto nyumbani hakuuliza maswali. Tukakatwa. Mtoto mwenyewe wiki ileile alikuwa kwenye benchi letu analia anasubiri chanjo, sista akamnyanyua juu akawaonyesha wahakiki, "Huyu hapa matokeo." Haikusaidia kitu, fomu ilisema simu.

Kingine, kisichokuwa kwenye orodha kinakufa polepole. Vidonda vya kisukari havikuwa na pointi, na chumba cha vidonda ndo kikawa cha kwanza kuazimwa mtu na cha mwisho kurudishiwa. Uingereza madaktari wao wa familia waliwekewa mpango wa pointi 2004, pointi 1,050 kwa jumla, na mwaka wa kwanza tu kliniki kwa wastani zilipita asilimia 90 ya pointi zote, serikali ikajikuta inalipa kuliko ilivyotarajia. Sasa hapo ujiulize, watu waliamka kazini ghafla au walikuwa wanafanya siku zote ila hawaandiki? Scotland wao waliuacha kabisa 2016.

Halafu kugawana ile bonasi, jamani. Fomula ilimpa dokta sehemu kubwa, wauguzi wakanuna, mimi nikapewa kidogo nikanyamaza, mfagiaji na mlinzi hawakuwemo kabisa. Mlinzi akasimama kwenye kikao akauliza swali moja tu, "Saa nane ya usiku wale akina mama walifunguliwa geti na nani?" Kikao kiliahirishwa. Nyota tatu, kwa sababu pamoja na vituko vyote madaftari yetu hayajawahi kuwa masafi kama miaka ile.

Sasa ubia na kampuni binafsi, ile mikataba mirefu ya kujenga na kuendesha. Kubwa sijaiona kwa macho ila ndogo ninayo hapa dirishani naiangalia. Tuliletewa mashine ya kupima damu, bure kabisa, mpaka picha tulipiga. Bure yenyewe ilikuwa hivi: vitendanishi, zile kemikali za kupimia, lazima tununue kwao wao tu, kwa bei yao, na kuna idadi ya chini ya vipimo kwa mwezi, msipofikisha mnalipia pengo. Mwezi ambao umeme ulikatika sana mashine haikupima na bili ikaja nzima. Nikienda kulalamika naonyeshwa kipengele, kipo, kwenye kiambatisho, saini ya upande wetu ipo chini yake.

Ukitaka kuona hiyo mashine yangu ikiwa imekua ikawa hospitali nzima angalia Lesotho. Pale Maseru serikali iliingia mkataba wa miaka 18 na kampuni ya ubia iitwayo Tsepong, ikiongozwa na Netcare, kampuni ya hospitali binafsi ya Afrika Kusini, wajenge hospitali ya Queen 'Mamohato na kuiendesha, ikafunguliwa 2011. Hospitali yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hata wapinzani wake hawakulikataa, huduma zilipanda ukilinganisha na ile kuukuu waliyoiacha. Ila mkataba ulikuwa na dari, wagonjwa wa kulazwa 20,000 na wa nje 310,000 kwa mwaka, ukizidi hapo serikali inaongeza malipo, na nani anamzuia mgonjwa kwenda kwenye hospitali nzuri? Walikuja. Mwaka 2014 shirika la misaada la Oxfam wakaandika kwamba hospitali ile moja inameza asilimia 51 ya bajeti ya afya ya nchi, wengine wakaipinga hiyo hesabu wakisema ni ndogo kuliko hapo, ila hata ukiipunguza bado ni nyingi kwa hospitali moja wakati zahanati za milimani zinangoja. 2021, baada ya mgogoro wa mishahara na manesi kufukuzwa kazi, serikali ikauvunja mkataba kabla ya muda wake.

Na usidhani ni umaskini. Uingereza walikuwa na ubia wa namna hiyo tangu 1992, Januari 2018 kampuni ya ujenzi ya Carillion ikafilisika katikati ya kazi, hospitali mbili kubwa zikabaki magofu mapya, ya Liverpool ikaja kufunguliwa 2022 na ile ya jirani na Birmingham ikangoja mpaka 2024. Mwishoni mwa 2018 hiyohiyo serikali ikatangaza haitasaini tena mikataba mipya ya aina ile. Sababu ya kuipenda mwanzoni ni ya kibinadamu tu, unapata jengo leo na deni linaonekana kwenye vitabu vya waziri mwingine. Nyota moja. Picha tuliyopiga na mashine ilitoka vizuri, hiyo ndo nyota.

Ya mwisho ndo ninayoipenda na haina mbwembwe: hela inatoka juu inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, haipiti ofisi za katikati, na kituo kina mpango wake na uhuru wa kununua kinachohitajika ndani ya huo mpango. Tanzania walianza kufanya hivyo kwa zahanati na vituo vya afya mwaka wa fedha 2017/18. Na mwaka 2022 Benki ya Dunia, ambayo yenyewe ndo ilikuwa mpigadebe mkubwa wa malipo kwa matokeo, ilitoa ripoti inayosema kwamba kwa sehemu kubwa vituo vilivyopewa tu hela moja kwa moja na uhuru wa kuitumia vilifanya karibu sawa na vile vya malipo kwa matokeo, bila ule mzigo wote wa uhakiki. Niliposoma hilo nilimkumbuka yule mtoto aliyenyanyuliwa juu.

Kwetu siku hela ya kwanza ilipoingia hivyo nilinunua glavu ndani ya siku mbili. Siku mbili! Hakuna barua, kamati ya kituo ilikaa chini ya mti ikapitisha, nikaandika hundi. Kasoro zipo, wasaini wa akaunti walikuwa watatu na mmoja alikuwa msafiri kupindukia, na vituo vidogo visivyo na mtu kama mimi muuguzi anaachiwa vitabu vya hesabu juu ya kazi zake zote, akija mkaguzi anahojiwa kama mwizi kwa sababu ya risiti iliyofutika wino. Hiyo sio haki na hakuna mpango nilioona unaoweka hela ya kumlipa mtu wa mahesabu kwa kila vituo vitatu vinne, kitu ambacho kingemaliza kesi nusu. Nyota nne.

Mtaniuliza mbona tano sijatoa. Tano naiweka akiba kwa mkataba utakaoniandikia kwamba mlipaji akipitisha siku 60 na yeye anakatwa, kama mimi. Sijauona. Nimeona mikataba ya vichwa, ya matokeo, ya vifurushi, yenye nembo tatu juu na maneno ya ubia kila ukurasa, na kwenye kile kipengele kimoja cha huko nyuma yote inaongea sauti moja ya upole kuhusu kujitahidi. Hata mpango mbaya ukilipa kwa tarehe nauendesha, na huo mzuri wa semina ukichelewa miezi saba unanigeuza ombaomba kwa mwenye duka la dawa.

Wiki ijayo tunaletewa mwingine. Nimeambiwa una kurasa arobaini na ushee na kwamba tusaini siku hiyohiyo kwa sababu wageni watakuwepo. Nimemwomba mganga mfawidhi aniombee nakala mapema, naanza kuusoma kutoka nyuma.